Mifuko 52 dhidi ya mifuko 61: kupunguza simiti kwenye zege bila kuliua

Mfuko wa simiti ukifika Langoni, mtaa wa hapa Lamu, umeshapita mikono mingi. Umepakiwa lori, umeshushwa Mokowe, umetiwa mashuani, umeshushwa tena gatini Lamu, alafu umebebwa na punda mpaka mlangoni kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja ajibane ukutani. Na kila aliyeugusa njiani anataka chake. Ndo maana nyumba ya ami ilipofika kwenye slabu, fundi akaandika kwenye karatasi "simiti mifuko 61", ami akaniita mimi manake anajua kazi yangu ni hii hii ya majengo, akanionyesha ile karatasi akaniuliza kitu kimoja tu: hii yote ni ya lazima?

Nikamwambia ami nipe siku tatu na ndoo ya lita 20.

Hili swali linataka jibu refu kidogo, manake huku kwetu wengi, mafundi wakiwemo, tunaamini kitu ambacho ni nusu ya ukweli, kwamba simiti nyingi ndo nguvu nyingi. Nyumba ikipasuka tunasema fundi aliiba simiti, ikitoka nzuri tunasema mwenye nyumba hakubania. Na wizi upo, sikatai. Lakini mara nyingi kilicholiharibu zege si simiti iliyopungua, ni maji yaliyozidi, na hayo maji hakuna anayeyahesabu kwa sababu hayana bei.

Hebu tuanze na zege lenyewe ni nini. Ni mawe. Karibu robo tatu ya ujazo wake ni kokoto na mchanga, vitu ambavyo havifanyi chochote, vimekaa tu, na ugumu vinao tangu zamani. Simiti na maji vinatengeneza uji, na kazi ya ule uji ni mbili: kujaza nafasi zilizobaki kati ya jiwe na jiwe, na kupaka kila jiwe juujuu ili mawe yateleze wakati wa kumwaga alafu yagandamane likiganda. Uji ukizidi hapo, ziada yote haina kazi ya maana, na ina madhara yake, manake uji ndo unaosinyaa ukikauka, jiwe halisinyai. Slabu yenye uji mwingi inapata nyufa mapema, na kwa upepo wetu wa kaskazi ule wa mwezi wa kwanza, mkavu, jua kali juu, unaweza kuziona nyufa jioni ya siku hiyo hiyo.

Sasa nguvu ya ule uji inatoka wapi? Mwaka 1918 kule Chicago, mtafiti mmoja anaitwa Duff Abrams alitoa matokeo ya majaribio mengi sana ya zege, na alichokiona mpaka leo kinatumika: ukishakuwa na vifaa vile vile na zege limeshindiliwa vizuri, nguvu inafuata uwiano wa maji kwa simiti. Yaani chukua uzito wa maji, gawa kwa uzito wa simiti. Maji lita 25 kwa mfuko wa kilo 50 ni 0.5. Maji lita 30 ni 0.6. Uwiano ukipanda nguvu inashuka, haijalishi umetia mifuko mingapi.

Sababu yake ukiielewa hutaisahau. Unga wa simiti unahitaji maji kama 0.4 ya uzito wake ili ulowe na kuganda wote, kwa hiyo mfuko mmoja unatosheka na lita 20 hivi. Hizo lita nyingine 10 za yule anayetia 30 haziingii kwenye kuganda, zinakaa katikati kama mgeni, alafu zinatoka taratibu kwa jua na upepo, na pale zilipokuwa panabaki vitundu vidogo huvioni kwa jicho. Vitundu vinapunguza nguvu. Na kwetu sisi wa pwani vina ubaya mwingine mkubwa zaidi, ndo njia chumvi inayopitia kwenda kutafuta chuma kilicholazwa ndani ya zege.

Sasa shika hapa, manake hapa ndo hesabu yote ya kupunguza simiti inapoanzia. Ukishaamua uwiano wako, tuseme 0.5, simiti si kitu unachochagua tena, inajitokeza yenyewe: maji gawa kwa 0.5. Zege lako likihitaji maji lita 200 kwa mita moja ya ujazo ili limwagike vizuri, simiti ni kilo 400, ndo hivo. Likihitaji lita 160, simiti ni kilo 320, na nguvu ni ile ile. Kwa hiyo anayetaka kuokoa simiti asiiguse simiti kwanza, apunguze kiu ya zege. Na kiu ya zege iko kwenye mawe, kwenye mchanga, kwenye uchafu, na kwenye mazoea yetu ya kutaka zege litiririke kama uji wa Ramadhani.

Nikachukua ndoo. Nikajaza kokoto kavu mpaka ukingoni, nikasawazisha kwa ubao, alafu nikamimina maji kwa jagi la lita moja, moja moja, nikihesabu. Zikaingia lita 9 ndo maji yakaonekana juu. Maana yake ndoo ya kokoto iliyojaa, karibu nusu yake ni hewa. Sasa fikiria unajaza hizo lita 9 zote kwa uji wa simiti. Ndo gharama hiyo. Badala yake unatafuta kitu cha bei nafuu kiingie humo ndani kabla ya simiti, na kitu chenyewe ni mchanga, na kwenye nafasi za mchanga zinaingia chenga ndogo zaidi, na simiti inabaki na nafasi ndogo ya mwisho ambayo hakuna kingine kinachoweza kuijaza.

Kujua mchanga kiasi gani unatosha usikisie. Nilichanganya kokoto na mchanga, vyote vikavu, sehemu 30 za mchanga kwa 70 za kokoto kwa uzito, nikajaza ndoo, nikaitia kwenye mizani. Alafu 35 kwa 65, 40 kwa 60, 45, 50. Ndoo ya kokoto peke yake ilikuwa kilo 29 bila uzito wa ndoo. Ile ya 40 kwa 60 ikafika kilo 39, na baada ya hapo kila nikiongeza mchanga uzito unarudi chini. Nzito kuliko zote ndo yenye hewa kidogo kuliko zote, na kwa hesabu ya uzito wa jiwe nafasi zilikuwa zimeshuka kutoka lita 9 mpaka lita 5 na kidogo. Hakuna mashine hapo, ni ndoo na mizani ya dukani. Kitu kama hiki William Fuller na Sanford Thompson walikichambua tangu 1907 huko Marekani, wakatoa mstari wa mpangilio wa ukubwa wa mawe ambao mainjinia wanautumia mpaka leo, na kwa kokoto ya milimita 20 mstari wao unasema kama nusu ya vitu vikavu vyote, simiti ikiwemo, vipite kwenye chekeche la milimita 5. Tukifika mwisho utaona ndoo ya Langoni iliangukia karibu na hapo hapo.

Ukubwa wa kokoto nao una maneno yake. Jiwe kubwa lina ngozi ndogo kwa uzito wake, kwa hiyo linataka uji mdogo wa kupaka. Kuna majedwali ya Kiingereza ambayo tunafundishwa nayo chuoni, yanasema kwa zege la kumwagika wastani, mchanga wa mto na kokoto za kupasuliwa, kokoto ya milimita 10 inataka maji kama lita 213 kwa mita ya ujazo, ya 20 inataka 190, ya 40 inataka 170. Igawe kwa 0.5 uone: kilo 426, 380, 340. Kutoka kokoto ya 10 kwenda ya 20 umeokoa kilo 46 kwenye kila mita, karibu mfuko mzima, na hujaharibu kitu. Ndo maana naumia nikiona mtu anamwaga msingi mnene wa mita nzima kwa kokoto ndogo za nusu inchi kwa sababu "ndo zilizokuja". Kwenye msingi mnene weka ya 40. Kwenye slabu ya milimita 150 yenye vyuma vimekaribiana huwezi, jiwe litakwama kati ya chuma na ubao na litaacha matundu kama sega la nyuki, kwa hiyo hapo ni 20. Na usichukue kokoto ya saizi moja tu iliyochaguliwa kama shanga, changanya na ndogo kidogo, zinajazana zenyewe.

Kuhusu kokoto za matumbawe, najua ndo zilizo karibu na ndo za bei nafuu. Jiwe letu lina vitundu, linanyonya maji, nguvu yake ndogo, na likitoka ufukweni limebeba chumvi. Kwa jamvi la chini lisilo na chuma na likioshwa vizuri, sawa. Kwa slabu hapana, lete jiwe gumu hata kama linavuka maji.

Mchanga ndo mahali zege letu linapofia zaidi. Mtu anaona mchanga umejaa, kisiwa kizima ni mchanga, kwa nini anunue? Mchanga wa ufukweni una chumvi. Na ile milima ya mchanga ya Shela, mbali na kwamba ndiyo inayotuhifadhia maji matamu ya visima na haifai kuguswa na mtu yeyote, ule mchanga wenyewe haufai kwa zege: umepepetwa na upepo miaka mingi, punje zote ndogo na zote sawa, ngozi ni nyingi mno, unakunywa maji na simiti bila kushiba. Unataka mchanga wa chengachenga, wenye punje kubwa, za kati na ndogo kwa pamoja, na huo unatoka mtoni.

Na mchanga wa mto nao una tope. Mtu wa Malindi anajua, mto Sabaki ukijaa bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa mpaka mbali huko, ule wote ni udongo, na mchanga wa mto unaweza kuja nao. Udongo ni punje ndogo kupita kiasi, kila punje inataka maji, kwa hiyo mchanga mchafu unakulazimisha kuongeza maji na maji yanakulazimisha kuongeza simiti. Jaribio lake ni chupa: mchanga nusu chupa, maji, kijiko cha chumvi, tikisa sana, acha masaa matatu. Mchanga unakaa chini, udongo unatulia juu yake kama ute wa rangi nyingine, utaona mstari kabisa. Ule ute ukizidi kama sehemu 8 kwa 100 za kimo cha mchanga, urudishe ulikotoka au uuoshe. Lile gunia la kwanza tuliloletewa kwa ami lilikuwa na ute wa kidole kizima. Tulilirudisha.

Kuna jambo la mchanga mbichi ambalo watu wengi hawalijui na linakula simiti kimya kimya. Mchanga mkavu ukiutia maji kidogo unafura. Kweli, jaribu, karai la mchanga wenye unyevu wa sehemu 5 kwa 100 linaweza kuwa na mchanga pungufu kwa robo kuliko karai la mchanga mkavu, manake yale maji yanazisukuma punje mbali mbali. Sasa fundi anapima karai tatu za mchanga mbichi anadhani ametia tatu, kumbe ametia mbili na kidogo. Zege linatoka lina kokoto nyingi, gumu kulainisha, koleo linakwama, basi anafanya nini? Anatia maji na nusu karai ya simiti. Tatizo lilikuwa mchanga, dawa iliyotiwa ni simiti. Ndo maana mimi napenda kupima mchanga kwa uzito angalau mara moja asubuhi, ujue karai lako la leo lina kilo ngapi, alafu uendelee na karai.

Sasa turudi kwenye ile karatasi ya mifuko 61. Slabu ya ami ni mita 9 kwa 6, unene milimita 150, ni mita za ujazo 8.1. Fundi alikuwa anakusudia mfuko mmoja, mchanga mfuko mmoja na nusu, kokoto mifuko mitatu, na maji "mpaka lilainike", ambayo nilipomwangalia kwenye nguzo yalikuwa lita 30 kwa mfuko. Kwa mchanganyiko huo mita moja inakula mifuko 7 na nusu hivi, yaani simiti kilo 375, na uwiano wa maji ni 0.6. Kwa hiyo ami angelipa simiti nyingi na bado angepata zege lenye vitundu. Simiti nyingi, uwiano mbaya, yote mawili kwa wakati mmoja.

Na uwiano kwetu si wa kuchezea kwa sababu ya bahari. Hata nyumba isiyoguswa na maji, upepo unabeba chumvi unaipaka ukutani mwaka mzima. Kanuni za Ulaya za zege, kwa zege lenye chuma linalopigwa na hewa ya chumvi, zinataka uwiano usizidi 0.5 na simiti isipungue kilo 300 kwa mita. Likikaa ndani ya maji uwiano ni 0.45 na simiti 320, na pale maji yanapokupwa na kujaa, kama nguzo za gati, simiti 340. Kwa hiyo kuna sakafu ambayo hushuki chini yake hata mahesabu yako yakikuruhusu. Uji ndo koti la chuma. Nayasema haya waziwazi kwa sababu nisingependa mtu asome makala haya alafu aende kumwambia fundi wake apunguze mifuko tu. Kupunguza mifuko na kuacha maji yale yale ni kubomoa nyumba polepole. Maji kwanza, simiti inafuata.

Na maji ya bahari hapana kabisa. Lita moja ya maji ya bahari ina kloraidi, ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, kama gramu 19. Lita 25 ni gramu 475. Kiwango kinachokubalika kwa kawaida kwenye zege lenye chuma ni 0.4 kwa 100 ya uzito wa simiti, ambayo kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 200. Umeshapita zaidi ya mara mbili siku ya kwanza, kabla hata upepo haujaanza kazi yake. Baada ya miaka michache kutu inafura, zege la chini ya slabu linabanduka vipande, vyuma vinaning'inia. Wote tumeziona hizo dari.

Ile sakafu ya kilo 300 haihusu zege lisilo na chuma. Lile la kusawazisha chini ya msingi, simiti moja kwa mchanga nne kwa kokoto nane, mifuko mitatu na kitu kwa mita inatosha kabisa na hakuna sababu ya kuongeza. Kwenye kila nyumba naona zege la aina moja linamwagwa kila mahali kuanzia chini mpaka juu kwa sababu hakuna aliyetaka kubadilisha vipimo, na mifuko mingi inazikwa hapo chini bure.

Basi tulifanya hivi. Mchanga wa mto msafi, kokoto ya 20 iliyochanganywa na ya 10, kiu yake lita 190. Tukaongeza dawa ya kupunguza maji, plastisaiza. Hii ni dawa ya maji maji inayotiwa kidogo sana, punje za unga wa simiti kwa kawaida zinashikana makundi makundi na kufungia maji ndani, dawa inazitawanya na yale maji yaliyofungwa yanaachiliwa yafanye kazi ya kulainisha. Za kawaida zinapunguza maji sehemu 5 mpaka 10 kwa 100, zile kali zinaweza kupita 15. Fuata kipimo cha kwenye dumu na ujaribu kwanza kwenye mchanganyiko mdogo, ukizidisha zege linaweza kuchelewa kuganda au mawe yakazama chini. Sisi kwa jaribio letu ilipunguza 15 kwa 100, lita 190 zikawa 161. Gawa kwa 0.5, simiti kilo 323, mifuko 6 na nusu kasoro kidogo. Mara 8.1, mifuko 52 na ushei. Dawa inanunuliwa, si ya bure, lakini dumu moja linabebwa na mtoto na mifuko 9 ni kilo 450 za kuvushwa kutoka Mokowe.

Kwa mfuko mmoja ikatoka hivi: mchanga mkavu kilo 118, kokoto kilo 176, maji lita 25. Ukijumlisha simiti na mchanga ni karibu nusu ya vikavu vyote, ule ule mstari wa Fuller. Lakini mchanga wetu asubuhi ile ulikuwa na unyevu wa sehemu 4 kwa 100, yaani ulishabeba maji kama lita 5 ndani yake. Kwa hiyo maji ya kutia yalikuwa lita 20 tu. Mtungi mmoja wa lita 20 kwa mfuko mmoja. Kibarua yeyote anaelewa hiyo, mfuko mmoja mtungi mmoja, na mtungi ukiisha hakuna anayechota tena, nilisimama mwenyewe pale kwenye pipa.

Aina ya simiti pia inahusika. Zile namba kwenye mfuko, 32.5 na 42.5, ni nguvu ya chini inayotakiwa baada ya siku 28 kwenye jaribio la maabara. Kwa slabu tulichukua 42.5. Ile 32.5 mara nyingi sehemu ya unga wake ni pozolana, mawe ya volkano yaliyosagwa, na mfuko ukiandikwa CEM II/B-P maana yake pozolana ni 21 mpaka 35 kwa 100. Watu wanasema hiyo ni simiti iliyochakachuliwa, si kweli. Simiti ikiganda inatoa chokaa, na pozolana inaila ile chokaa inaigeuza kuwa gundi, vitundu vinazidi kuwa vidogo, chumvi inapita kwa shida. Ni nzuri kwa bahari, ila inaganda taratibu na inataka kunyweshwa siku nyingi, na kwa haraka ya kung'oa mbao za slabu haikutufaa. Na kuna faida nyingine ambayo mimi binafsi naijali: klinka, yale madonge yanayosagwa kuwa simiti, inachomwa kwenye joto la nyuzi 1450, jiwe la chokaa likichomwa linatoa kaboni lenyewe mbali na ile ya kuni na makaa, na simiti peke yake inatoa karibu sehemu 7 au 8 kwa 100 za kaboni yote ambayo binadamu anaitoa duniani. Kila mfuko tusioutia bure unapunguza kidogo ile kaboni inayopandisha bahari, na kisiwa chetu hakina pa kurudi nyuma.

Wazee wetu walijenga bila mfuko hata mmoja. Ngome ya Lamu, iliyojengwa kati ya 1813 na 1821, ni mawe ya matumbawe na chokaa, na bado imesimama. Chokaa ni gundi dhaifu kuliko simiti, lakini wazee wanavyosimulia sakafu na dari zilikuwa zinapigwa kwa vibao siku baada ya siku, na ule upigaji si mapambo, ulikuwa unatoa hewa. Zege lenye gundi kidogo linataka kushindiliwa zaidi. Hewa ya sehemu 5 kwa 100 ikibaki ndani inaweza kuondoa karibu theluthi ya nguvu yote, na hapo hesabu zako zote za ndoo zimekwisha. Leo tuna vaibreta, mashine ya kulitikisa zege litoe hewa. Ami hakutaka kulipia ya kukodi, nikamwambia ami, hiyo ndo inayokuruhusu kutumia lita 20, bila hiyo rudi kwenye mifuko 61. Akalipa.

Zege lilipoanza kutoka kwenye mashine fundi hakulipenda. Lilikuwa zito, linakaa kama tonge, halitiririki, na alisema wazi mbele ya watu kwamba hili halitashuka kwenye vyuma. Tulichomeka vaibreta, na pale pale likalegea likajaa mpaka kwenye kona za mbao, mapovu yakapanda juu yakapasuka, uso ukang'aa. Tukaichomoa polepole, tukasogea nusu mita, tukachomeka tena. Ilipofika alasiri yeye mwenyewe ndo alikuwa anamfokea kijana aliyesogea karibu na pipa.

Tulifunika magunia jioni hiyo hiyo tukayalowesha kwa maji ya kisima siku 10, asubuhi, adhuhuri na jioni, zamu za wapwa wa ami. Mifuko iliyotumika ni 53, mmoja ulipasuka mashuani. Tulipotoa magunia fundi alizunguka slabu nzima ameinama akitafuta nyufa za juu, alafu akaniomba ile karatasi ya vipimo, ana nyumba ya mtu Mkomani anaianza wiki ijayo. Nikampa, nikampa na ndoo pia, manake mchanga atakaoletewa si huu, na mchanga ukibadilika mtungi mmoja kwa mfuko mmoja haumhusu tena mpaka apime upya.